Mkono Juu ya Kifuniko

Pale Masumbwe, kitu kikigoma kufunguka watu hawakuhangaika nacho siku mbili. Walikipeleka kwa Donatus. Gereji yake ilikuwa kando ya barabara ya Kahama, mabati machache juu ya nguzo za miti, na ingawa magari ndiyo yaliyomlisha, akina mama nao walimjua. Kifuniko cha tangi la mafuta ambacho ufunguo wake umepotea, nati ya gurudumu iliyoshikana na kutu, koki ya bomba, chupa ya chai iliyofungwa ikiwa ya moto ikakataa kufunguka asubuhi, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa nguvu nyingi. Alikuwa na utaratibu. Alikipangusa kitu kwanza, akakitazama kila upande. Kama ni cha chuma alikidondoshea dizeli penye mzunguko, akakigongagonga pembeni kwa mpini wa bisibisi, akakiacha na kwenda kufanya kazi nyingine. Akirudi alikizungushia kipande cha tyubu ili apate mshiko, na kabla ya kulegeza alikaza kidogo, kutu iachie. Watu walisubiri wakaona kifuniko kinazunguka taratibu, kana kwamba hakikuwa na tatizo lolote.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mitatu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao hakuujua mpaka ulipomwangusha: alipenda kutazamwa. Mbele ya gereji kulikuwa na benchi la wateja, na benchi likijaa, ule utaratibu wake ulipungua.

Siku hiyo ya mwezi wa nane benchi lilikuwa limejaa. Chacha, dereva wa Fuso, alikuwa akisubiri breki zake, na pembeni yake wachimbaji watatu walisubiri pikipiki. Saa nane mchana ikaingia Kenta ya Marwa, lori dogo la kubebea viroba vya mawe kutoka machimboni kwenda karasha, yaani kwenye mashine za kuyasaga. Ilikuwa inatoa mvuke. Dereva wake, Luka, alishuka akijifuta jasho.

"Shikamoo fundi. Imechemka tangu kule mlimani."

"Marahaba. Inua kichwa tuone."

Kichwa cha Kenta kikainuliwa, kikawaficha wote wawili wasionekane na watu wa benchi. Rejeta ilikuwa inanguruma ndani kwa ndani. Kifuniko chake kilikuwa kimeharibiwa siku nyingi na mtu aliyekikamata kwa plaizi, masikio yote mawili yamepinda, kutu imeingia.

"Fundi, tusubiri kidogo ipoe," Luka alisema. "Bado inachemka."

"Umekuja kunifundisha?"

Luka akacheka kwa aibu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minne, mpole, aliyezoea kuwasikiliza waliomzidi umri. Donatus akalowesha tambara, akalishika, akajaribu kuzungusha. Hakikutikisika. Simu ya Luka ikaita. Alikuwa Marwa, mwenye gari, kwa mara ya tatu, akitaka kujua mawe yake yatafika lini. Donatus akajaribu tena. Tambara likateleza, akajigonga kifundo cha kidole, akaguna. Watu wa benchi walimsikia.

"Fundi, tukuletee baruti?" Chacha aliuliza kutoka kule, na wale wachimbaji wakacheka kwa pamoja.

Kilikuwa kicheko cha kawaida, cha watu wanaosubiri. Lakini kilimwingia Donatus. Akachukua spana malaya, akaifungua mdomo, akaibana kwenye kifuniko. Ikawa inaruka kila anapovuta, kwa kuwa kifuniko kilihitaji kubonyezwa wakati kinazungushwa, na yeye mikono yake yote ilikuwa kwenye spana.

"Weka mkono hapa juu," akamwambia Luka. "Bonyeza kwa hilo tambara, kwa nguvu. Mimi nazungusha."

Luka alisita.

"Bonyeza, bwana. Si nipo hapa?"

Luka akabonyeza. Donatus akavuta.

Kilichofuata hakikuchukua muda wa mtu kumeza mate. Kifuniko kiliruka, na maji ya rejeta yakapanda juu na kufunguka kama mwavuli. Yalimkuta Luka mkononi, kwenye mkono wote hadi kiwiko, shingoni na nyuma ya sikio. Alirudi nyuma bila kutoa sauti, akajikwaa kwenye jeki, akaanguka na kugonga kichwa kwenye ringi iliyokuwa chini. Donatus yeye alipata matone mawili kwenye kiganja cha kushoto.

Watu wa benchi walikuja mbio. Chacha ndiye aliyetangulia.

"Imekuwaje?"

Donatus alikuwa bado ameshika spana. Akafungua mdomo, na maneno yakatoka yenyewe, laini, kama yaliyokuwa yamepangwa tangu jana.

"Nimemwambia tusubiri ipoe. Nimegeuka kuchukua spana, yeye akaweka mkono. Nimemwambia kabisa, Luka, tusubiri ipoe."

Alipokuwa akiyasema alijua ni maneno ya nani. Aliyachukua kutoka kinywani mwa mtu aliyelala chini hajitambui.

Baada ya hapo alifanya yote ambayo mtu mwema angefanya. Alimmwagia Luka maji ya baridi ndoo kwa ndoo. Akisaidiana na Chacha alimbeba hadi kwenye gari, akampeleka kituo cha afya, akakaa naye. Kesho yake, ilipoamuliwa Luka apelekwe Kolandoto, ambako kuna hospitali na ndiko kwao, Donatus ndiye aliyetafuta usafiri na kuwasindikiza. Mama yake Luka, bibi mmoja mwembamba aitwaye Mageni, alimshika mikono yote miwili pale wodini na kumshukuru kwa Kisukuma, kwa muda mrefu. Chacha alikuwa amekwisha kumsimulia kila kitu kwa simu.

Maneno yakasambaa. Pale kwenye karasha, dereva akitaka kufanya haraka, wenzake walimwambia, "Usitufanyie ya Luka." Marwa akachukua dereva mwingine. Wenye magari wengine nao waliposikia jina la Luka walitikisa kichwa: mtu anakatazwa na fundi, bado anaweka mkono. Wateja wa Donatus wakaongezeka. Watu walisema fundi yule ana busara, tatizo watu hawamsikilizi. Yale matone mawili ya kiganjani yalipona ndani ya wiki moja, yakaacha ngozi safi kabisa, na Donatus alijikuta akikitazama kiganja chake mara kwa mara, akitamani pangebaki hata alama.

Mwezi wa kumi ulipoanza, mawingu yakawa yanakusanyika kila alasiri na kutawanyika. Asubuhi moja mke wa Luka, Nyamizi, alisimama mbele ya gereji.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Mama Januari. Habari za mgonjwa?"

"Amesharudi, yuko nyumbani. Nimekuja kwa shida ndogo. Lile tangi letu la maji ya mvua, ile plagi ya chini imegoma. Kila mwaka kabla ya mvua Baba Januari huifungua tunaosha tope. Mwaka huu mkono wake haufungi."

Donatus alitafuta la kusema. Akasema leo ana kazi. Nyamizi akasema hata kesho. Akasema kesho huenda akaenda Kahama. Nyamizi akasema basi hata keshokutwa, wao watamsubiri, maana hawana mwingine. Donatus akaona aibu ya kukataa imezidi aibu ya kwenda. Akachukua mfuko wake wa vifaa, akamfuata palepale.

Luka alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa shati la kola ndefu aliyoiinua upande mmoja. Alisimama alipomwona mgeni. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu wenye kung'aa, ngozi imejivuta, vidole vimejikunja nusu kama vya mtu aliyeshika chungwa. Akatoa mkono wa kushoto.

"Shikamoo fundi. Unisamehe kwa kukupa huu."

"Marahaba," Donatus alisema, akaushika, akauachia upesi.

Tangi lilikuwa juu ya matofali, nyuma ya jiko. Donatus akapiga magoti. Ilikuwa kazi nyepesi. Plagi ya plastiki, tope limekauka kwenye nyuzi zake. Kwa kuwa ni maji ya kunywa hakutaka kutia dizeli, akaomba maji ya moto na kitambaa, apashe joto ile shingo ya nje itanuke. Nyamizi akaja na birika likitoa mvuke. Luka, aliyekuwa amesimama karibu akitazama kazi, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko. Nyamizi hakumwona, kwa kuwa alikuwa anamimina. Donatus alimwona.

"Mtazame mwenzio," Nyamizi alimwambia mumewe bila kugeuka. "Hana haraka. Anasubiri kitu mpaka kiwe tayari. Ungemsikia siku ile, sasa hivi ungekuwa kazini." Kisha akamwambia Donatus, "Mimi namwambia kila siku, fundi. Siyo kwa ubaya. Nataka na huyu mtoto wetu naye asikie, akikua awe anaheshimu anayemkataza."

Luka alitazama chini. Donatus alizidi kuikandamiza ile shingo ya plagi kwa kitambaa cha moto, ingawa ilikuwa imekwisha kulegea. Alijua imelegea. Hakutaka kuifungua kwa sababu akiifungua kazi itakuwa imekwisha na atalazimika kuinua uso.

Hatimaye akazungusha. Plagi ikatoka, tope jeusi likamwagika miguuni pake. Nyamizi akafurahi, akaenda kwa jirani kuazima fagio la mpini mrefu. Wakabaki wawili.

"Fundi, nikuulize kitu," Luka alisema.

"Uliza."

"Ile siku. Nimejaribu kukumbuka, sipati vizuri. Daktari alisema ni kwa sababu ya kichwa. Nakumbuka tambara. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa juu ya kifuniko, hilo sina shaka nalo. Na sauti yako naisikia, lakini maneno siyapati. Ulikuwa unaniambia niache?"

Donatus alikuwa anasafisha nyuzi za plagi kwa ukucha. Zilikuwa safi. Akaendelea kuzisafisha.

"Ajali ina mambo mengi, Luka. Inakuja haraka."

"Najua. Sikulaumu kwa chochote, wewe ndiye uliyenibeba. Nataka tu kujua siku ile nilipatwa na nini. Mimi si mbishi. Mama yangu kule Kolandoto alikuwa akinilisha uji huku ananiambia, mwanangu, mtu mzima anakukataza halafu unaweka mkono, ulifundishwa na nani? Nikaona sina jibu. Nimeshakubali. Ila usiku na mchana najiuliza, je, nilikusikia nikapuuza, au sikukusikia?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nafasi ilikuwa wazi, hakuna mtu mwingine uani, na aliyekuwa akiuliza alikuwa tayari kupokea jibu lolote. Donatus akaiweka plagi chini. Kisha akasikia miguu ya Nyamizi ikirudi.

"Nilikuambia," alisema. "Labda hukunisikia."

Luka aliitikia kwa kichwa, polepole, mara mbili.

"Basi. Asante, fundi. Sasa angalau najua."

Nyamizi alikataa aondoke mikono mitupu. Alimfungia matobolwa kwenye mfuko, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa vizuri, vya kwao Nyamizi. "Wabeja," alimshukuru kwa Kisukuma, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi. Donatus aliubeba mfuko ule barabarani akiuweka upande wa pili wa mwili wake kila alipokutana na mtu. Nyumbani mkewe Lusia aliyachemsha matobolwa na karanga, akayasifu. Yeye alisema tumbo linamsumbua.

Wiki ile alikosea kazi tatu. Alirudishia nati bila kuikaza, akamwaga oili chini, na mteja mmoja alimwita mara nne ndipo akasikia. Ijumaa Marwa akampigia simu.

"Fundi, kesho saa tatu asubuhi njoo kwenye karasha. Nimewaita madereva wote wa kwangu na wa jirani. Wiki hii mmoja kanusurika, alifungua rejeta ikiwa ya moto. Nataka uwasimulie ilivyokuwa kwa Luka. Wewe wakikusikia wataelewa."

"Mimi si msemaji, Marwa."

"Husemi hotuba. Sema ulivyomwonya, naye alivyofanya. Dakika tano tu."

Jumamosi karasha ilizimwa, na ule ukimya ukawafanya watu waongee kwa sauti ya chini. Madereva kama kumi na tano walikuwa wameketi juu ya viroba na matairi ya zamani, vumbi jeupe limewapaka hadi nyusi. Chacha alikuwapo. Na pembeni, karibu na lango, alisimama Luka, na ile kola yake ameiinua. Alikuwa amesikia Marwa anatafuta mlinzi wa lango, akaja kuomba. Marwa alikuwa amemwambia asubiri, shughuli ikiisha watazungumza, na kwamba si vibaya na yeye akasikiliza.

Marwa alisema maneno yake, mafupi na makali, kisha akamnyooshea Donatus mkono.

Donatus akasimama. "Mimi ni fundi," alianza. "Mnanijua. Siku hiyo gari ilikuja imechemka. Tuliinua kichwa. Kifuniko kilikuwa kimeshikana." Aliisikia sauti yake ikienda vizuri, ya mtu mzima, ya kuaminika. "Rejeta ikichemka huifungui. Unaiacha hata nusu saa. Ukiigusa juu kwa mkono, ikiwa haikuunguzi, ndipo unafungua nusu mzunguko, unasubiri pumzi itoke, ndipo unamalizia. Hilo kila fundi analijua. Basi, nikamwambia Luka..."

Akamtazama. Luka alikuwa anaitikia kwa kichwa. Hakuwa amekasirika wala hakuinamisha uso. Aliitikia kama mtu anayemsaidia mwenzake kumaliza ushahidi, akimpa moyo aendelee, na ule mkono uliojikunja ameuegemeza kifuani ili wote wauone vizuri.

Donatus akanyamaza. Watu wakadhani amesahau.

"Ukamwambia asubiri," Marwa alimkumbusha.

"Hapana," Donatus alisema. "Yeye ndiye aliyeniambia mimi."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aseme tena, na mara hii alisema yote, bila mpangilio, akirudi nyuma na mbele: kwamba Luka alisema tusubiri ipoe, kwamba yeye alimjibu kwa dharau, kwamba benchi lilicheka naye akashindwa kustahimili, kwamba alimwambia Luka aweke mkono na abonyeze. "Spana nilishika mimi. Nilizungusha mimi. Yeye mkono aliuweka kwa sababu nilimwamuru, na alisita, nikamharakisha. Chacha alipouliza, nikasema maneno yake yeye nikayafanya yangu. Na wiki hii kaniuliza mwenyewe, kwake, nikamdanganya tena."

Mtu mmoja alikohoa vumbi. Chacha alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake.

"Kicheko kile nilikianzisha mimi," Chacha alisema.

Luka alisogea mbele, akapita katikati ya viroba hadi akasimama mbele ya Donatus.

"Kwa hiyo mimi nilisema tusubiri?"

"Ulisema."

"Kwa mdomo wangu?"

"Kwa mdomo wako. Mara ya kwanza tu ulipoiona."

Luka alikaa kwenye kiroba kilichokuwa karibu. Aliutazama mkono wake kana kwamba amerudishiwa kitu ambacho hajui atakiweka wapi. Kisha akalia, bila kujificha, na wale wanaume wenye vumbi wakageuza macho yao pembeni.

Marwa alimwambia Donatus aondoke, na magari yake asiyaguse tena. Alimwambia pia Luka kwamba Jumatatu aje kazini, si getini, aje awe msimamizi wa magari yote. Luka hakumjibu siku hiyo. Alichofanya ni kumfuata Donatus hadi barabarani.

"Mimi kukusamehe sijui kama naweza," alimwambia. "Sasa hivi siwezi. Lakini kuna kitu nataka. Nenda Kolandoto kwa mama. Nikimwambia mimi atasema najitetea. Nenda wewe, ukamwambie kwa mdomo wako kama ulivyowaambia hawa."

"Nitaenda."

"Usimpigie simu. Nenda."

Njiani kurudi Donatus alipita nyumbani kwa Luka, akidhani ni heri Nyamizi asikie kutoka kwake. Alikuwa amechelewa, simu zilikuwa zimemtangulia. Nyamizi alisimama mlangoni, khanga ameikaza kifuani kwa mikono yote miwili.

"Tangu atoke hospitali nimemsema mume wangu," alisema. "Ndani ya nyumba yake. Mbele ya mtoto. Fundi, mimi nitamtazamaje?"

Nyamizi akaingia ndani, na mlango akaufunga taratibu, jambo ambalo lilimuuma kuliko kama angeubamiza.

Lusia, mkewe, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, aliuliza swali moja tu.

"Na yale matobolwa tuliyapokea?"

Jumanne aliondoka alfajiri. Alipanda basi hadi Shinyanga, kisha pikipiki hadi Kolandoto. Nyumba ya Mageni haikuwa mbali na hospitali, imezungukwa na ua wa minyaa, na yeye mwenyewe alikuwa uani amekunja miguu juu ya mkeka, anapepeta choroko. Alipomtambua mgeni aliuweka ungo chini, akainuka kwa shida, uso wote umefunguka kwa furaha.

"Fundi wa mwanangu," alisema. Akamletea kigoda, akamletea maji, akakataa kabisa aanze kusema lolote kabla hajanywa. Donatus akanywa.

"Shikamoo mama. Nimetumwa na Luka. Nimekuja kukueleza kuhusu ajali."

"Marahaba. Luka ameumwa tena?"

"Hapana. Ni kuhusu yaliyotokea siku ile." Alikuwa amejipanga ndani ya basi, safari nzima, akichagua maneno. Akamwambia kulitokea makosa katika kueleza. Kwamba mambo hayakuwa kama yalivyosemwa. Kwamba yeye kama fundi alipaswa kuchukua tahadhari, na lawama nyingine zilimwendea asiyestahili.

Mageni alimsikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, akijitahidi.

"Baba, Kiswahili changu ni cha sokoni," alisema. "Sema Kisukuma."

Donatus alikuwa Msumbwa, lakini Kisukuma alikijua tangu utotoni. Akatafuta yale maneno yake ya ndani ya basi, akaona hayamo katika lugha ile. Hakupata namna ya kusema lawama zilimwendea asiyestahili. Kilichokuwapo kilikuwa kifupi. Nilimwamuru mwanao aweke mkono. Aliungua. Nikasema ni yeye. Nilidanganya.

Alisema hayo akitazama choroko kwenye ungo. Alipomaliza, kuku walikuwa wanadonoa ukingoni mwa mkeka, na yule mama hakuwafukuza.

"Aliniambia hakumbuki," Mageni alisema. "Mimi nikamwambia hakumbuki kwa sababu hataki kukumbuka. Akiwa amefungwa bandeji mpaka hapa." Akajionyesha begani. "Kijiko cha uji mkononi mwangu, na maneno hayo mdomoni."

"Nisamehe, mama."

Mageni aliinuka, akaenda hadi kwenye ua wa minyaa, akamwita jirani yake, mzee mmoja aitwaye Ndaki. Ndaki akaja, akamwamkia mgeni, akapewa kigoda. Kisha Mageni akatoka nje kabisa, na Donatus akamsikia akiita upande wa bombani, majina mawili, matatu. Wakaja wanawake wawili na ndoo zao, wakazitua. Akaja pia kijana wa dukani, aliyetumwa mara nyingi kumpelekea Luka maziwa wodini.

"Hawa ndio niliowaambia kwamba mwanangu hasikii," Mageni alimwambia Donatus, sasa kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, ili asije akasema hakuelewa anachotakiwa kufanya. "Wapo wengine kanisani, hao Jumapili. Leo hawa."

Akaketi mkekani, akauvuta ungo mapajani. Watu walikuwa wanamtazama Donatus kwa heshima, wakisubiri, kwa kuwa hawakujua bado ameleta nini. Ndaki alimtabasamia.

"Anza," Mageni alisema.

Donatus aliweka bilauri chini, akavua kofia, akaanza upya.